Maswali ya Kusini: daftari la safari kutoka Mikindani hadi Newala

Jumamosi, Mikindani

Kitabu cha chemsha bongo kilichopo shuleni kwetu kinauliza mlima mrefu kuliko yote Afrika, mto mrefu kuliko yote duniani na mtu wa kwanza kukanyaga mwezini. Kinauliza hata jina la mbwa aliyepelekwa angani na Warusi. Mtwara haimo. Lindi haimo. Ndiyo maana likizo hii nimechukua daftari kubwa na mpwa wangu Hamisi, kidato cha tatu, tuzunguke mikoa hii miwili tukitunga maswali yetu wenyewe kwa mashindano ya muhula ujao. Sharti nililoweka ni moja: hakuna swali linaloingia daftarini mpaka tuwe tumesimama mahali lilipotokea, au karibu napo kadiri barabara inavyoruhusu.

Mikindani ni mwendo mfupi wa daladala kutoka Mtwara mjini, kwa hiyo hapakuwa na kisingizio cha kuanzia kwingine. Tulishuka karibu na ghuba, maji yamekupwa, tukapanda hadi Boma, jengo jeupe la Wajerumani la mwaka 1895 ambalo sasa ni hoteli. Hamisi alitaka kuanza na swali la mwaka wa ujenzi. Nikamwambia swali la mwaka mtupu ni la kukaririsha. Atafute kitu chenye damu.

Akakipata kwa Livingstone. Kwamba Mskoti yule alitua katika ghuba hii Machi 1866 kuanza safari yake ya mwisho, wengi wanajua. Wasichokijua ni alichokuja nacho: ngamia, nyati wa kufugwa kutoka India, baghala na punda. Alitaka kuona ni mnyama gani angestahimili mbung'o, ili mizigo isiendelee kubebwa na vichwa vya watu. Jaribio likaharibika. Wanyama walikufa njiani, lakini walikuwa wamepigwa na kuchoshwa mno kiasi kwamba hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika ni mbung'o aliyewaua au ni watu. Mwalimu yeyote wa sayansi angelitumia kufundishia kwa nini jaribio hutakiwa kubadilisha jambo moja tu kwa wakati. Livingstone mwenyewe alifariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, na waliouongoza msafara uliobeba mwili wake hadi pwani walikuwa Susi na Chuma. Chuma alikuwa Myao. Wayao ni watu wetu wa huku, wamejaa Masasi na Tunduru, lakini wanafunzi wangu wanalijua jina la aliyebebwa kuliko majina ya waliobeba. Hilo likawa swali la kwanza.

Pwani tulimkuta mzee anashona jarife.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, wanangu. Mnatafuta samaki?"

"Tunatafuta maswali," akajibu Hamisi, na mzee akacheka mpaka sindano ikamponyoka. Akatuambia turudi kipindi cha kusi tukaone nyangumi. Ni kweli: nyangumi wa nundu hutoka bahari za baridi za Antaktika, wakapita pwani yetu kati ya Julai na Novemba kuja kuzaa kwenye maji ya uvuguvugu. Huku hawali karibu chochote. Wanaishi kwa mafuta waliyojiwekea mwilini. Nikaruhusu swali hilo liingie bila kumwona nyangumi, kwa heshima ya mzee.

Jumapili, Lindi

Basi hadi Mingoyo, kisha Lindi. Joto la mji huu linajulikana, sina la kuongeza. Mchana tulilala.

Jioni tukaenda kutazama bao chini ya mwembe. Wazee wa Lindi hawachezi kwa kunong'ona. Kila kete inapigwa kishindo na kila mtaji unasindikizwa na maneno. Hamisi akahesabu: safu nne, kila safu mashimo manane, kete 64. Kila mchezaji ana 32, lakini haziingii ubaoni zote kwa pamoja. Anaanza na kumi ubaoni na 22 mkononi, anazinamua mojamoja. Hapo ndipo bao la Kiswahili linapoachana na michezo mingine ya mashimo ya Afrika ambayo kete zote hupangwa tangu mwanzo. Mzee mmoja alipoona tunaandika akauliza kama sisi ni watu wa sensa.

Jumatatu, Tendaguru

Siku hii ilikuwa ya bodaboda, vumbi na mgongo kuuma. Kilima cha Tendaguru kiko kaskazini-magharibi mwa Lindi, umbali unaoonekana mdogo kwenye ramani. Ukifika, hakuna kitu. Nasema hivi mapema ili atakayekwenda asije akanilaumu: ni kilima, ni nyasi, ni miti, ni mashamba ya watu. Hamisi alishuka kwenye pikipiki, akazunguka, akauliza, "Mjomba, mijusi yenyewe iko wapi?"

Iko Berlin.

Mwaka 1906 mhandisi wa madini Mjerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, aliona mifupa mikubwa imejitokeza ardhini katika eneo hili. Mwaka uliofuata akaja Eberhard Fraas, mtaalamu wa visukuku, akathibitisha kwamba ni dinosaria. Kisha kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yakaendesha hapa uchimbaji uliokuwa miongoni mwa mikubwa kuliko yote duniani kwa wakati wake. Viongozi walikuwa Werner Janensch na Edwin Hennig. Wachimbaji walikuwa watu wa huku, mamia kwa mamia, na msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani. Alikuwa na jicho la kuutambua mfupa ungali umefunikwa na udongo, na Wajerumani walimtegemea kwa kazi nyeti.

Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilitoka hapa. Hakukuwa na barabara. Hakukuwa na punda, kwa sababu ya mbung'o wale wale waliomshinda Livingstone. Mizigo ilibebwa kichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku nne, halafu wapagazi wakarudi kuchukua mingine. Mifupa mikubwa ilifungwa kwa mianzi ili isivunjike. Nilimwambia Hamisi ainue jiwe la ukubwa wa ndoo aone. Aliinua, akatembea hatua chache, akaliweka chini bila kusema neno.

Kilichotoka Tendaguru kina umri wa takriban miaka milioni 150. Wakati huo sehemu hii ilikuwa pwani ya wangwa na matope, bahari ikijaa na kupwa, na bara letu lilikuwa bado halijaachana kabisa na Madagaska, India na Antaktika. Mwenye shingo ndefu kuliko wote sasa anaitwa Giraffatitan brancai. Zamani vitabu vilimwita Brachiosaurus. Mifupa yake iliunganishwa na kusimamishwa Berlin mwaka 1937. Ana urefu wa mita 13.27 kutoka sakafuni hadi utosini, na hakuna mifupa halisi ya dinosaria iliyosimamishwa katika makumbusho inayompita kwa kimo. Yuko na wenzake wa hapa hapa: Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni na mkiani, Dicraeosaurus, Elaphrosaurus mwembamba mwenye mbio.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza nao walikuja, kuanzia 1924 hadi 1931. Miongoni mwa waliofika mwaka huo wa kwanza alikuwa kijana Louis Leakey, ambaye baadaye jina lake lingeshikamana na Olduvai. Mkuu wake, William Cutler, alifariki kwa malaria Lindi mwaka 1925.

Niliketi kwenye kivuli nikamwachia Hamisi atunge. Akaandika mawili. La kwanza ni la urefu, kama nilivyotarajia. La pili lilinifanya nimtazame upya: "Taja dinosaria wa Tendaguru aliyepewa jina la Mtanzania." Jibu ni Australodocus bohetii, aliyetangazwa mwaka 2007 na kuitwa kwa heshima ya Boheti bin Amrani. Karibu miaka mia moja ilipita kati ya jasho na jina. Wakati huo huo kuna mwingine kutoka kilima hicho hicho, Dysalotosaurus lettowvorbecki, ambaye tangu 1919 anabeba jina la jenerali wa Kijerumani. Jenerali hakuchimba hata mfupa mmoja. Tutakutana naye mbele.

Je, mifupa irudi? Kila unapomtaja mjusi wa Tendaguru kwa mtu wa Lindi, hilo ndilo swali la kwanza, na hata Bungeni limeulizwa zaidi ya mara moja. Mimi nina jibu langu, ila halifai kwa mashindano kwa sababu haliwezi kupewa alama. Nitakachosema ni kwamba mtoto wa Berlin anamwona mnyama huyu kwa nauli ya basi la mjini, na mtoto wa Tendaguru anahitaji viza.

Jumanne, njiani kwenda Kilwa Masoko

Basi, Nangurukuru, bajaji, chumba cha kulala. Nililiwa na mbu. Hamisi alilala njia nzima mdomo wazi.

Jumatano, Kilwa Kisiwani

Kibali huchukuliwa Masoko, kisha mashua. Upepo ulikuwa mzuri na nahodha hakuwasha injini mpaka karibu na gati. Mbele yetu Gereza lilikuwa limesimama ufukweni, ngome ya Waomani iliyojengwa juu ya misingi ya Wareno, ambao waliuteka mji huu mwaka 1505 chini ya Francisco de Almeida.

Msikiti Mkuu ndio uliotuweka muda mrefu. Sehemu yake ya kwanza ni ya karne ya 11. Upanuzi wenye nguzo na makuba ulikuja karne ya 14, enzi ya Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, huyo huyo aliyejenga kasri la Husuni Kubwa kwenye mwamba juu ya bahari. Ukuta wote ni matumbawe na chokaa. Chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa, kwa hiyo ukiuangalia vizuri mji huu wote umetoka baharini. Kiongozi wetu, kijana wa kisiwani, alitupeleka mahali ambapo ukipiga makofi chini ya kuba sauti inakurudia. Alifanya hivyo kwa fahari kana kwamba kuba ni la babu yake, na pengine ni kweli.

Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika hapa kutoka Tangier, Morocco. Aliandika kwamba Kilwa ni miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vizuri. Alimsifu pia sultani kwa ukarimu, akasimulia jinsi maskini mmoja alivyomwomba nguo alizovaa akiwa anatoka msikitini siku ya Ijumaa, naye akaingia ndani, akazivua na kumpa. Utajiri wote huo ulitokana na dhahabu iliyopita Sofala, kusini, pamoja na pembe za ndovu. Na watumwa pia. Hilo la mwisho viongozi wa watalii wakati mwingine hulipitia haraka, wa kwetu hakulipitia.

Kilwa ilitengeneza sarafu zake za shaba. Moja ilipatikana Zimbabwe Kuu, jambo ambalo si la ajabu sana ukiijua njia ya dhahabu. La ajabu ni la mwaka 1944: askari wa Australia aliyekuwa kwenye kituo cha rada katika kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa nchi hiyo, aliokota mchangani sarafu kadhaa kuukuu, na tano kati yake zilikuja kutambuliwa kuwa za Kilwa. Zilifikaje huko? Yapo makisio mengi, Wareno, wafanyabiashara wa visiwa vya Indonesia, ajali ya meli. Hamisi alipendekeza kuwa Mswahili mmoja aliiba sarafu na kukimbilia mbali kadiri alivyoweza. Nikakataa kuliandika, ila nitakiri kwamba hakuna anayeweza kumpinga kwa ushahidi.

Kusini ya hapa ni Songo Mnara, yenye magofu yake. Zote mbili ziliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, zikawekwa kwenye orodha ya maeneo yaliyo hatarini, zikatolewa mwaka 2014. Tulirudi kabla ya kufika huko, lakini jina la Songo Mnara tulilikuta tena kwa wavuvi wa Masoko jioni. Mwaka 2003 kwenye maji yale alinaswa silikanti, samaki ambaye wanasayansi walidhani alitoweka pamoja na dinosaria miaka milioni 66 iliyopita, hadi mmoja alipoonekana kwenye boti ya wavuvi Afrika Kusini mwaka 1938. Tangu huyo wa Kilwa wamenaswa wengi, hasa Tanga, kwenye majarife ya papa yanayotegwa kina kirefu. Mapezi yake yana nyama na mfupa kama mguu unaotaka kuanza. Utafiti wa 2021 ulikadiria kwamba anaweza kuishi karibu miaka mia moja na kubeba mimba miaka mitano. Miaka mitano! Mama muuza samaki aliyekuwa akitusikiliza akasema, "Huyo kwa nini asitoweke." Kisha akauliza kama analika. Haliki, nyama yake ina mafuta mabaya, inaharisha. Akapoteza hamu papo hapo.

Alhamisi, kurudi kusini hadi Nyangao

Nilitamani kwenda Nandete, kwenye milima ya Wamatumbi, ambako Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Mvua ilikuwa imeharibu njia ya huko. Sharti ni sharti: swali la Majimaji limeandikwa ukurasa wa mwisho wa daftari, nje ya mashindano, likisubiri kiangazi. Hamisi amelalamika kwamba ndilo pekee ambalo kila mwanafunzi angelipata. Sababu nyingine ya kulisubirisha.

Tulishuka Nyangao saa za alasiri. Hapa na Mahiwa jirani yake, Oktoba 1917, palipiganwa kwa siku nne mapigano makali kuliko yote ya Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki. Upande mmoja jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, yule wa dinosaria. Upande wa pili jeshi la Waingereza. Hivyo ndivyo vitabu vinavyosema. Lakini ukihesabu waliokuwa wameshika bunduki, wengi walikuwa askari Waafrika upande huu na upande ule, wakiwamo wa King's African Rifles na kikosi kizima kilicholetwa kwa meli kutoka Nigeria. Waingereza walipoteza watu zaidi ya 2,000, kati ya waliouawa na waliojeruhiwa. Wajerumani walipoteza wachache zaidi, ila hawakuwa na wa kuwajazia, wakarudi nyuma kuelekea mto Ruvuma. Wapagazi waliokufa kwa njaa na maradhi katika vita hivyo, upande wa Waingereza na wa Wajerumani, wanazidi kwa mbali askari waliokufa kwa risasi.

Swali la Hamisi: "Wanaijeria walikuja Lindi mwaka gani na kufanya nini?" Aliwauliza vijana wa bodaboda pale stendi. Mmoja akajibu kwa uhakika kabisa: "Kucheza na Namungo."

Ijumaa, Ruangwa

Basi ikabidi twende Ruangwa, nyumbani kwa timu hiyo ya Namungo.

Hapakuwa na mechi. Tuliuona Uwanja wa Majaliwa kutoka nje, tukanunua ming'oko ya kuchemsha kwa mama mmoja barabarani, tukala tumeegemea ukuta. Ming'oko ni mizizi ya porini, inachimbwa kwa shida na inaliwa kwa raha, na mtu wa Dar akiiona anauliza ni nini.

Namungo ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019. Msimu wake wa kwanza tu ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, Agosti 2020 mjini Sumbawanga, ikafungwa na Simba 2-1. Kwa kuwa Simba ilikuwa na tiketi ya Ligi ya Mabingwa, Namungo ikaenda Kombe la Shirikisho Afrika, ikafika hatua ya makundi pamoja na Raja ya Casablanca, Pyramids ya Misri na Nkana ya Zambia. Timu ya mji ambao miaka michache nyuma wachambuzi wa redio wasingeweza kuuonyesha kwenye ramani. Makundi hayakwenda vizuri, hilo tuliache. Msimu huo huo wa 2019/20 Ndanda yetu ya Mtwara ilishuka daraja, na mimi ni Mwanakuchele, yaani shabiki wa Ndanda, kwa hiyo aya hii imetosha.

Kwenye uwanda wa Rondo, juu ya barabara tuliyopita, anaishi komba mdogo ambaye uzito wake ni kama gramu 60. Ni miongoni mwa wanyama wadogo kabisa wa jamii ya nyani duniani, akiwa na mkia wa manyoya kama brashi ya kuoshea chupa, na alitambuliwa rasmi kuwa spishi ya pekee mwaka 1997. Anaishi kwenye vipande vichache vya misitu ya pwani ya Tanzania tu. Hatukumwona, anatoka usiku na sisi usiku tulikuwa tunatafuta wali.

Jumamosi, Nachingwea

Kama kuna mji ambao ungestahili kitabu chake cha chemsha bongo, ni huu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, ikiwa na njaa ya mafuta ya kupikia baada ya vita, iliamua kulima karanga Tanganyika kwa kiwango ambacho hakijawahi kuonekana. Kongwa, Urambo na Nachingwea. Vifaru vya vita viligeuzwa matrekta. Bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara, na reli ikavutwa kuja bara hadi hapa. Hakuna aliyepima mvua vya kutosha, wala aliyeuliza kwa nini wenyeji hawakuwa wamelima maeneo yale. Udongo wa Kongwa ukikauka uliwakatalia kung'oa hata karanga zilizoota. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, na pauni milioni 36 zikaandikwa hasara.

Bandari ilibaki, na bila hiyo Mtwara mjini usingekuwa mji ninaoujua. Reli haikubaki, iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mzee tuliyeketi naye kwenye kahawa alisema aliwahi kuipanda akiwa mtoto.

"Ilikuwa inabeba karanga, babu?" Hamisi akauliza.

"Ilikuwa inabeba watu wanaokwenda kuangalia karanga."

Kisha ardhi ile ikapata kazi nyingine. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, iliweka kambi yake kuu ya mafunzo Nachingwea, na Samora Machel alikuwa hapa akifundisha wapiganaji kabla hajawa rais wa Msumbiji huru mwaka 1975. Mashamba yaliyoshindwa kutoa mafuta yakatoa jeshi. Swali letu: "Taja mambo mawili yaliyolimwa Nachingwea, moja likaota na moja likakataa." Hamisi anasema ni kitendawili, si swali. Nimeliacha.

Jumapili, Masasi

Mji wa mawe. Milima yake ya mwamba mtupu inachomoza katikati ya nyumba bila taarifa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alipita hapa na kundi la watumwa waliokombolewa, akikusudia kuwapeleka hadi Ziwa Nyasa ambako wengi walikuwa wametekwa. Walipofika Masasi wakakataa kuendelea. Wakabaki, na mji wa misheni ukaanza. Steere huyo ndiye aliyeandika sarufi ya Kiswahili na kusimamia ujenzi wa kanisa kuu la Zanzibar penye soko la watumwa lililofungwa. Kusini mwa mji, Lupaso, ndiko alikozaliwa Benjamin Mkapa mwaka 1938 na kuzikwa Julai 2020.

Sokoni Hamisi alinivuta mkono hadi kwenye meza ya samaki nchanga, panya wa mashambani waliobanikwa, kitoweo ambacho watu wa mikoa mingine hututania nacho. Sioni aibu. Ila yeye alikuwa na hoja: kwa nini mashindano yasiwe na swali la panya? Panya buku, jamaa wa hawa na mkubwa kuliko wao, anafunzwa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na shirika la APOPO kunusa mabomu ya ardhini. Hana uzito wa kulipua bomu. Walifanya kazi Msumbiji, ng'ambo tu ya Ruvuma, na nchi hiyo ikatangazwa kuwa huru dhidi ya mabomu hayo mwaka 2015. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa Tanzania, aligundua mabomu zaidi ya mia moja huko Kambodia na mwaka 2020 akatunukiwa medali ya dhahabu ya ushujaa ya Uingereza kwa wanyama, panya wa kwanza kuipata. Alikufa Januari 2022.

"Morogoro si Masasi," nikamkumbusha. "Sharti."

"Mjomba, tumesimama mbele ya panya."

Jumatatu, Newala

Tumepanda uwanda wa Makonde kwa Kosta iliyojaa kuku na madumu. Madumu yana sababu: huku juu mchanga unakunywa mvua yote, mito hakuna, na kwa vizazi wanawake wameshuka bondeni kuchota maji. Shimo la Mungu, ukingo ambapo uwanda unaishia ghafla na nchi ya Ruvuma inafunguka chini, linakuonyesha walikoshuka.

Sasa lile nililokuwa nalisubiri tangu Nyangao. Novemba 1917 Lettow-Vorbeck alikuwa amebanwa uwanda huu huu, hana risasi, hana dawa. Berlin ikaamua kumletea msaada kwa hewa. Meli ya angani, Zeppelin L59, yenye urefu wa mita 226, iliondoka Jamboli nchini Bulgaria tarehe 21 Novemba ikiwa na tani kama 15 za silaha, dawa na vifaa. Haikupangwa kurudi, kwa sababu hapa hapakuwa na gesi ya kuijaza upya. Kitambaa chake kingeshonwa mahema na sare, na mitambo yake ingezalisha umeme. Ilivuka bahari, ikapita Misri, ikafika magharibi ya Khartoum. Hapo redio ikaiamuru irudi: eneo la kutua lilikuwa limeshachukuliwa na Waingereza. Ikageuka. Ilipotua tena Bulgaria ilikuwa imesafiri kilomita 6,757 kwa saa 95 bila kugusa ardhi, na siku ile ile Lettow-Vorbeck akawa anavuka Ruvuma kuingia Msumbiji.

Hamisi alitazama mbingu ya Newala kwa muda. Akauliza ingetua wapi. Nikamwonyesha mikorosho.

Mikorosho iko kila upande, kutoka hapa hadi Tandahimba. Mti umetoka Brazil, Wareno wakauleta Afrika Mashariki, na leo watoto wa Mtwara wanakwenda shule kwa fedha za mnada wa korosho. Ni ndugu wa mwembe, familia moja. Bibo lenye maji si tunda halisi, ni kikonyo kilichovimba. Tunda ni korosho yenyewe inayoning'inia chini, na ganda lake lina mafuta yanayounguza ngozi, ndiyo maana wabanguaji hupaka majivu mikononi. Ugonjwa wa ubwiriunga ukiingia wakati wa maua, bila salfa mkulima amekwisha. Maswali matatu kwa mpigo, yote tumeyashika kwa mkono.

Kwa mchonga vinyago tulipewa kipande cha mpingo, tukakitumbukiza kwenye ndoo. Kilizama. Mti huo huo ndio unaotengenezewa klarineti na zumari za Ulaya, kwa hiyo yeyote aliyewahi kusikiliza okestra kubwa amesikia sauti ya miti kama ya Lindi na Mtwara. Fundi hakushangaa tulipomwambia. Aliuliza klarineti moja inauzwa bei gani, tukamtajia kwa makisio, akaendelea kuchonga kwa nguvu zaidi.

Usiku, nyumba ya wageni, tumegawa alama. Maswali ya kawaida yamepewa mbili mbili. Boheti amepata nne. Zeppelin tano, kwa sababu hata walimu wenzangu watalikosa. La panya nililitaka litoke kabisa. Tumebishana mpaka taa zikazimwa, na limebaki, alama tatu, kwa masharti kwamba Hamisi ndiye atakayelisoma siku ya mashindano na kuvumilia kelele za ukumbi.